Nyota Moja kwa Ngamia wa Upande wa Kushoto

Jumamosi, 3 Mei

Nimeanza daftari jipya. Limetoka katika stoo ya shule ninakofanya kazi ya ukarani, na kwenye rejista nimeandika kwamba limeliwa na mchwa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu za usalama. Bishar, aliyeoa dada ya mke wangu, hata akilipata atachoka kabla ya ukurasa wa pili. Shuleni Kiswahili kilimshinda, pamoja na mambo mengine mengi.

Habari ya leo: baba mkwe wetu, Adeer Ogle (adeer ni ami kwa Kisomali), anakwenda Hija. Ataondoka tarehe ishirini. Ngamia wake thelathini na wawili wako nje ya mji wa Garissa, upande wa barabara ya Dadaab, wakichungwa na Jatani, mtu wa Wajir ambaye husema maneno kumi kwa siku na mawili kati ya hayo ni salamu. Adeer anataka mtu wa familia awe msimamizi mpaka arudi. Wanawe wa kiume wako mbali. Wanaume walio karibu ni wakwe zake wawili. Bishar na mimi.

Bishar anauza magodoro. Anajiona mfugaji kwa sababu alipokuwa na miaka kumi na miwili alilala malishoni wiki nzima. Tangu hapo hajanyamaza. Kuhusu mimi husimulia jambo moja tu: mbuzi wa Idi aliyenivuta kwa kamba mpaka mtaroni, mbele ya msikiti, watu wakitoka. Mbuzi yule alikuwa mkubwa kupita kiasi. Hilo halitaji kamwe.

Kwa hiyo nina mpango. Nitanunua ngamia wangu mwenyewe, jike anayekamuliwa, na nitamwonyesha Adeer kwamba damu ya ufugaji inatembea mwilini mwangu. Sitaenda mnadani kusukumana na madalali. Mimi ni mtu wa kisasa. Kuna programu ya simu inaitwa DauSoko. Unaona picha, unaweka dau, saa ikiisha aliye juu ndiye mwenye mali.

Nimempata. Muuzaji anajiita Ngamia Bora Elwak, ana nyota nne nukta tisa. Ngamia mweupe, shingo ndefu, macho ya upole. Picha kumi na moja, zote safi. Nimeweka dau nikiwa nimekaa juu ya gunia la maharagwe. Nilifikiria kumwomba ushauri Hamdi, mke wangu, ambaye huuza maziwa ya ngamia katika soko la Suuq Mugdi na hupokea mitungi ya Jatani kila asubuhi. Nikaona asisumbuliwe. Kuchagua mnyama ni kazi ya jicho la mwanamume.

Kulikuwa na mshindani mmoja, mtu asiye na jina, ila nambari ya mshiriki aliyopewa na programu. Nikipanda, naye anapanda. Tulipandishana hivyo mpaka swala ya alasiri. Halafu ghafla akaacha. Amevunjika moyo, maskini. Nimeshinda.

Jumatano, 7 Mei

Ngamia amefika. Siku mbili njiani kutoka Elwak, vizuizi vyote, na bado alishuka kwenye lori kama bibi harusi. Dereva alikuwa na haraka ya ajabu. Alinipa kamba mkononi, akaniambia nibonyeze "Nimepokea" kwenye simu, nikabonyeza, na kabla sijamuuliza anakula nini alikuwa ameshawasha gari.

Tukaanza safari ya kwenda bomani, mimi na mali yangu. Ana mwendo wa pekee. Kila baada ya hatua ishirini hupinda kushoto. Ukimrudisha, anakubali kwa heshima, halafu anapinda tena kushoto. Tulizunguka kituo cha mafuta mara mbili. Watu walisimama kutazama. Nadhani ni kwa sababu ya weupe wake.

Jatani aliipokea kamba. Akamtazama upande wa kushoto. Akazunguka akamtazama upande wa kulia. Akakaa huko muda mrefu. Aliporudi aliniuliza, "Sugow, umemnunua mzima?"

Nikamwambia mzima, na nilimshinda mtu. Akatikisa kichwa na kwenda kuteka maji. Kustaajabu kwa mchungaji ni kitu cha kimya.

Usiku huu Hamdi nimemwambia, na kwamba Ijumaa nitamwonyesha Adeer. Akauliza anatoka kwa nani. Nikamtajia. Akaniuliza kama nimefurahi. Nikamwambia sijafurahi hivi tangu harusi yetu. Akasema basi alhamdulillahi, na akarudi kuosha mitungi yake.

Ijumaa, 9 Mei

Siku ya kumwonyesha. Sitaisahau, ingawa nitajitahidi.

Baada ya swala Adeer Ogle alikuja bomani, na Bishar nyuma yake, na Hamdi, na watu wawili watatu ambao sikuwaalika. Nilikuwa nimemsimamisha ngamia vizuri, uso upande wa kivuli, kama kwenye picha namba nne. Nikaandaa maneno. Lakini Adeer ni mtu wa zamani, hakupita nilipomwonyesha. Alipita nyuma, akatokea upande wa kulia.

Akapitisha mkono mbele ya jicho la kulia. Ngamia hakupepesa. Akashika sikio la kulia, ambalo ni nusu sikio. Akainama, akashika kiwele. Akaminya chuchu moja ya kulia, akaminya ya pili. Akainuka polepole kwa sababu ya goti lake.

"Hizi mbili zimekufa," alisema. "Zilikufa zamani. Na jicho hili haliko."

Nikasema kwa upande wa kushoto hali ni nzuri sana. Hiyo ndiyo sentensi niliyoitoa, mbele ya watu, na kwa sauti ya kusikika.

Bishar akauliza kama upande wa kulia unaletwa na lori la pili. Watu wakacheka. Adeer hakucheka. Aliomba maji, akanawa mikono, akaniuliza ninafanya kazi gani kule shuleni. Nikamwambia ninatunza stoo. Akasema vizuri, vitu vya stoo havitembei.

Nimerudi nyumbani na kufungua zile picha. Kumi na moja, na zote za upande wa kushoto. Anakula, kushoto. Amepiga magoti, kushoto. Anatazama machweo, kushoto. Hata ile aliyopigwa na watoto wa jirani wakicheka, amegeuzwa ili acheke nao kwa kushoto.

Sasa najua kwa nini hupinda. Huenda anakoona.

Nimeandika maoni yangu kwenye DauSoko. Nyota moja, kwa kuwa sifuri hairuhusiwi. Nimeandika hivi: "Muuzaji huyu ni mwongo wa nusu. Anayetaka ngamia mzima aende kwingine. Mimi ni mtu mwenye elimu na nimedhulumiwa mbele ya baba mkwe." Nimesoma mara tatu. Maandishi makali. Kesho biashara yake itakuwa imefungwa.

Jumamosi, 10 Mei

Haijafungwa. Amenijibu hadharani, chini ya maoni yangu:

"Mteja wetu mpendwa, asante kwa kutuamini. Picha zote ni za kweli na hatukuongeza kitu. Upande wa kushoto ulioonyeshwa umekufikia ukiwa salama. Upande wa kulia hukuuliza. Karibu tena."

Watu sitini na tatu wameweka alama ya kupenda. Bishar ni mmoja wao. Ameweka na kidole gumba cha ziada.

Nimefikiri siku nzima. Nyota yangu moja imezama katika nyota zake mia mbili kama chumvi kwenye mto Tana. Dawa ni wingi. Nyota moja ikitoka kwa watu wengi, huyo muuzaji ataanguka. Nimefungua akaunti nne: Dullo Mfugaji, Mama Istahil, Mteja Mwadilifu, na Haji Mwenye Hasira. Nilikuwa tayari kuandika. Programu ikanikatalia. Huwezi kutoa maoni juu ya muuzaji kama hujanunua kitu kwake.

Sheria ya kipuuzi. Lakini mimi si mtu wa kuzuiwa na sheria. Ngamia Bora Elwak huuza pia vitu vidogo. Nimeshiriki minada minne ya leo na nimeshinda yote, kila mtu wangu na chake. Dullo Mfugaji amepata kamba ya ngamia. Mama Istahil, chetezo cha kufukizia. Mteja Mwadilifu, kibuyu cha maziwa kilichosukwa. Haji Mwenye Hasira amepata kengele ya mbao ya kumvalisha ngamia shingoni.

Dullo na Haji walishindana kwa muda juu ya kengele kabla sijakumbuka kwamba wote ni mimi.

Jumanne, 13 Mei

Mizigo imefika kwa basi. Karani wa vifurushi aliniuliza Mama Istahil yuko wapi. Nikasema ni shangazi, anaumwa miguu. Na Haji? Miguu pia. Akaniangalia akasema ukoo wenu una shida ya miguu, akanipa vyote.

Nilivifungua stoo nikiwa na kalamu, tayari kuorodhesha kasoro. Tatizo likajitokeza. Vitu ni vizuri. Kamba nimeivuta kwa mlango wa chuma, ikang'oka bawaba. Kibuyu hakivuji hata tone. Chetezo kimechongwa kwa mkono wa mtu aliyependa kazi yake. Kengele ina sauti ya kukufanya utake kuhamia malishoni.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimetoa nyota moja mara nne, na sababu zake:

Dullo Mfugaji: "Kamba ngumu mno. Mtu akitaka ikatike haikatiki."

Mama Istahil: "Moshi wa chetezo hiki unapanda juu. Nilitarajia uamuzi tofauti."

Mteja Mwadilifu: "Kibuyu kina mdomo mmoja tu."

Haji Mwenye Hasira: "Kengele inasikika. Nimekasirika."

Hamdi amekuta vitu nyumbani. Ameuliza vimetoka wapi. Nikasema ni zawadi za watu wanaonithamini. Akauliza ni akina nani hao. Nikasema hawapendi kutajwa. Alichukua kibuyu, akakinusa ndani, akakigonga kwa kucha, akasema aliyekitengeneza ni fundi, na tangu leo atabebea maziwa ya wateja wake wa hoteli. Chetezo kiko sebuleni. Nyumba nzima inanukia ushindi wa adui.

Alhamisi, 15 Mei

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi ili isichukue nafasi kubwa maishani mwangu.

Kwanza, DauSoko imempa Ngamia Bora Elwak taji jipya. "Duka Linalokua Upesi Kaskazini." Sababu iliyotolewa: mauzo manne kwa siku moja kutoka Garissa.

Pili, kumbe akaunti zote nne zilitumia nambari yangu ya simu ya kulipia. Programu imetuunganisha. Haikutufukuza, hapana. Imejumlisha manunuzi yetu, na asubuhi hii, kwenye ukurasa wa mbele, imetokea picha yangu ya kitambulisho, ile ninayofanana na mtu aliyemeza ndimu, na maneno: "Sugow wa Garissa, Mteja Mwaminifu wa Wiki."

Bishar ameituma kwenye kundi la familia saa mbili na dakika tatu. Saa tatu ilikuwa kwenye kundi la walimu. Mwalimu mkuu amenipongeza na kuuliza kama programu hiyo inauza chaki.

Tatu, na hili ndilo lililoniuma, wauzaji nao hutoa maoni juu ya wanunuzi. Sikuwa najua. Ngamia Bora Elwak amenipa nyota tano. Ameandika: "Mteja bora kabisa. Analipa upesi. Haulizi maswali."

Nyota tano. Sijawahi kutukanwa hivi.

Nimemjibu. Nakiri, nilipaswa kulala kwanza. Nimeandika kwamba hata mama yake anajua yeye ni mwizi.

Ijumaa, 16 Mei

Adeer Ogle amenipigia simu mwenyewe. Yeye hapigi simu, hupigiwa. Amesema watu wa Elwak wamemtafuta. Kuna jina la mama wa mtu limeguswa hadharani, na huyo mama alikufa mwaka jana, Mungu amrehemu. Mwenye duka anakuja Garissa kesho pamoja na mzee wao. Wataketi nyumbani kwake. Amesema ana siku nne tu kabla ya kwenda kusimama Arafa, na alikuwa na nia ya kwenda bila ugomvi na mtu. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali.

Sikujua kwamba mama yake amekufa. Nimekaa stoo bila kuhesabu kitu chochote.

Jumamosi, 17 Mei

Nilitarajia kijana mjanja mwenye miwani ya jua. Mwenye duka ni Bi Muslimo, mjane wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye sauti ya mtu anayefundisha chuo cha Kurani. Alishuka kwenye basi akiwa na mkoba mmoja na mzee mmoja, Mzee Gelle. Tuliketi kwenye mazulia sebuleni kwa Adeer: Adeer, wageni, Bishar aliyekuja kusaidia kwa kufurahi, Jatani karibu na mlango, Hamdi akimimina chai ya maziwa.

Bi Muslimo hakunisalimia kwa jina langu. Alisema, "Assalamu alaykum, Haji Mwenye Hasira. Na Mama Istahil hajambo miguu?"

Sikujua kuitikia kwa niaba ya nani.

Akatoa simu, akavaa miwani, akasoma maoni yangu moja baada ya jingine kwa utulivu, kama anasoma matokeo ya mtihani. Alipofika kwenye kibuyu chenye mdomo mmoja, Mzee Gelle aliomba arudie. Akarudia. Mzee Gelle alitazama dari muda mrefu. Alipofika kwenye lile la mama yake, hakulisoma. Alivua miwani akaiweka juu ya mkoba.

Nikasema, "Eddo, shangazi yangu, lile nisamehe. Sikujua. Na hata angekuwa hai, lilikuwa neno baya."

Akanitazama. "Lile nimekusamehe nilipokuwa Wajir, basi liliposimama. Mengine bado."

Kisha tukaingia kwenye jambo lenyewe. Adeer alisema wazi kwamba ngamia aliuzwa kwa ujanja. Bi Muslimo alisema picha hazikudanganya. Adeer akasema anayeficha upande mmoja amedanganya kwa upande mmoja. Hapo nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii. Mzee Gelle akakubali kuna kosa kidogo kwa duka na kosa kubwa kwa mdomo wa kijana, ndiye mimi, mwenye miaka thelathini na minane, na kwamba nyota lazima zipangwe upya. Alipendekeza nne. Adeer akasema mbili. Wakanywa chai. Gelle akashuka mpaka tatu na nusu. Nikaeleza kwamba programu haina nusu. Akauliza ni nani aliyetengeneza kitu kisicho na nusu, na kama mtu huyo ana wazee.

Bi Muslimo akasema atakubali tatu. "Lakini mwanangu ajue, sikumficha mtu. Anayeuliza, namwonyesha. Kwenye mnada huu kulikuwa na watu wawili. Mmoja aliniandikia faraghani akiomba picha ya upande wa kulia. Nikampiga ngamia picha hiyo saa hiyo hiyo, jicho, sikio, kiwele, vyote. Akanishukuru, akaacha kuweka dau. Huyu wa pili aliendelea peke yake."

Adeer akauliza aliyeomba picha ni nani, maana mtu wa namna hiyo angependa kumjua. Bi Muslimo akavaa miwani tena, akasoma nambari ya simu kwa sauti.

Naijua nambari hiyo. Ni ya kwanza kwenye simu yangu. Hamdi alikuwa amesimama na birika mkononi.

Alisema alikuwa akitafuta ngamia wa kuongeza maziwa ya biashara yake, na hakujua mtu anayeshindana naye ni mimi, nami nilikuwa stoo. Alisema tu hivyo, akaendelea kumimina chai.

Bishar alifungua mdomo. Adeer akamwuliza magodoro yanauzikaje siku hizi. Akaufunga.

Bi Muslimo akajitolea kumrudisha ngamia Elwak kwa gharama yake. Adeer akamgeukia Jatani. Jatani akasema, "Chuchu mbili zinajaza kibuyu. Ni mpole. Kengele imemfaa." Hiyo ni hotuba yake ya mwaka. Hamdi akasema basi abaki. Halafu akatoa ushahidi kuhusu kibuyu, chetezo na kamba, kwamba ni kazi safi. Mzee Gelle akatoa hukumu: nyota tatu za ngamia, tano za vitu vinne, na yale matusi nifute mwenyewe, hapo hapo, watu wakiona. Nilifuta. Mara ya kwanza nilikosea, nikaipa kengele nyota mbili. Wakanisubiri.

Tulipokuwa tunaagana Adeer akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mifugo ataishika Hamdi mpaka arudi. Jatani asikilize kwake. Akaomba viatu vyake.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilimwuliza Hamdi kwa nini hakuniambia siku ile ngamia alipofika. Alisema niliingia nyumbani nikiimba. Alisema katika miaka tisa hajanisikia nikiimba, na alifikiri, acha aimbe mpaka Ijumaa.

Nilimbebea mkoba, ingawa haukuwa na kitu ndani.

Jumatatu, 19 Mei

Adeer Ogle ameondoka leo kwenda Nairobi. Ndege yake ni kesho. Kituo cha basi kilijaa watu wa kumuaga. Alinishika mkono, akaniombea dua fupi yenye neno "akili" ndani yake mara mbili. Bishar alimpa mto wa safari. Mto wa dukani kwake mwenyewe, tena ule wa mabaki ya sponji ya magodoro.

Nimetafakari mambo ya wiki mbili hizi, na naona yameniendea vizuri. Usimamizi umekuja nyumbani kwangu. Bishar hakuupata. Kwa hesabu yoyote ya haki, mpango ulifaulu, ila ulipita njia ndefu. Na nimejifunza somo kubwa, nalo ni kwamba kosa langu lilikuwa kununua kwa muuzaji mwenye sifa nyingi. Nyota mia mbili zinampa mtu kiburi.

Hamdi amesema bomani wanahitaji pampu ya maji kabla ya kiangazi kukaza, na kwamba Jumamosi atakwenda na Jatani madukani waijaribu kwa mikono yao. Nimeona nimfanyie jambo la kumshangaza kabla ya hapo.

Leo mchana, juu ya gunia la maharagwe, nimeipata kwenye DauSoko. Pampu mpya kabisa. Picha ni ya boksi, boksi zuri, limefungwa vizuri kwa gundi ya plastiki. Muuzaji hana lalamiko hata moja. Hana maoni ya aina yoyote, kwa kweli, kwa sababu alifungua duka jana usiku.

Lakini mimi si yule mtu wa zamani. Safari hii nimeuliza swali. Nimemwandikia faraghani, kwa makini: Je, boksi litakalokuja lina rangi hii hii?

Amejibu ndiyo, kabla sijaweka simu chini. Mwizi asingejibu upesi hivyo. Nimeongeza dau.